Jinsi ya kuitambua ardhioevu wakati maji yamekauka

Madalali wa viwanja wanaijua kalenda kuliko wakulima. Mteja hupelekwa bondeni mwezi Septemba, nyasi zimekauka, ardhi ngumu, upepo mwanana, kigingi cha mpaka kimesimama wima. Masika ikifika, mlango wa choo unaelea.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua ukweli wa eneo kabla mvua haijamwambia: mnunuzi wa kiwanja, mwalimu anayetoka na wanafunzi, mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, au mtu tu anayependa kujua anakanyaga nini. Kuitambua ardhioevu iliyojaa maji hakumshindi mtoto. Kazi ni kuitambua ikiwa kavu, na hapo mashahidi wa kuaminika ni udongo na mimea. Maji hayaaminiki, maana huja na kuondoka.

Kwanza tuelewane juu ya kinachotafutwa. Mkataba wa kimataifa wa ardhioevu ulisainiwa mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, na maana uliyoitoa ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Kinamasi kimo, bwawa limo, kingo za ziwa na mabonde ya mafuriko yamo. Maji ya bahari nayo yamo, mradi kina chake hakizidi mita sita wakati wa maji kupwa. Maji yanaweza kuwa baridi au ya chumvi, ya kudumu au ya msimu, ya asili au ya kutengenezwa na binadamu. Kwa hiyo majaluba ya mpunga ya Usukumani ni ardhioevu, mikoko ya Lamu ni ardhioevu, na Ziwa Natron lenye magadi, ambamo samaki wengi hawawezi kuishi, ni ardhioevu pia. Neno la kushika hapo ni "msimu". Eneo linaloloa miezi mitatu kwa mwaka na kukauka tisa halipotezi jina lake katika ile tisa.

Kabla ya kutoka

Chukua jembe au sururu, panga, rula, chupa ya maji, daftari na simu ya kupigia picha. Vaa mabuti ya mpira. Usivue viatu kuingia kwenye maji yaliyosimama yenye konokono, kwa sababu konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima bila kuhitaji kidonda. Penye mamba au viboko, nenda na mwenyeji, na umsikilize. Njia ya kiboko kutoka majini kwenda malishoni unaitambua kwa mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa, na katikati yake tuta la nyasi. Usikae juu ya njia hiyo, hasa jioni.

Hatua ya 1: Soma umbo la ardhi na uulize

Simama mahali pa juu utazame maji yangeelekea wapi kama yangemwagwa. Ardhioevu nyingi za bara ziko sehemu nne: chini kabisa ya bonde, kwenye mkunjo wa mto, ukingoni mwa ziwa, na pale mlima unapokutana na tambarare, ambapo maji ya chini ya ardhi hujitokeza. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapiga chenga watu, maana haina mto wala ziwa karibu.

Kisha tafuta alama zilizoachwa na maji. Angalia mashina ya miti: mstari wa tope uliokauka kwa urefu unaolingana kutoka mti mmoja hadi mwingine ndio kimo cha mafuriko yaliyopita. Angalia vichaka: mifuko ya plastiki na nyasi zilizonasa matawini, zote zikiwa zimeelekea upande mmoja, zinaonyesha maji yalitoka wapi. Chini, tafuta magamba ya konokono wa maji yaliyopauka kwa jua, na ukoko mweupe wa chumvi.

Waulize wenyeji, lakini uliza vizuri. Ukimuuliza mtu "hapa hujaa maji?" atakujibu kulingana na anavyodhani unataka kusikia, hasa kama jirani yake ndiye anayeuza. Muulize badala yake: mwezi wa Aprili watoto wanapita njia gani kwenda shule? Vyura wanalia upande gani? Ng'ombe wananyweshwa wapi mwezi wa Oktoba? Na wakulima wa bustani za kiangazi wako wapi? Iringa na Njombe vipande vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi huitwa vinyungu, na ukiona mahindi mabichi mwezi wa Septemba bila pampu wala mfereji, umeshaonyeshwa unyevu ulipo.

Hatua ya 2: Chimba shimo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mtu akinilazimisha kuchagua kipimo kimoja tu, nitachagua shimo.

Chimba hadi nusu mita, ukuta mmoja ukate wima kwa panga ili uuone vizuri. Mwagia maji kidogo, kwa sababu rangi ya udongo mkavu hudanganya. Sasa tazama sentimita 30 za juu.

Udongo mwekundu, wa kahawia au wa njano, wenye rangi moja tangu juu hadi chini, ni udongo unaopumua. Rangi hiyo ni chuma kilichokutana na hewa, yaani kutu. Maji yakijaza nafasi zote za udongo kwa wiki kadhaa, viumbe vidogo vilivyomo humaliza oksijeni, kisha huanza kutumia chuma badala yake. Chuma hicho hugeuka, huyeyuka kwenye maji na kuhama. Kinachobaki ni udongo wa kijivu, wakati mwingine wenye ubuluu au ukijani. Mvua ya siku mbili haiwezi kufanya hivyo. Ukiona kijivu hicho karibu na juu, maji hukaa hapo kwa muda mrefu, na hukaa mara kwa mara.

Mara nyingi utakuta mchanganyiko: kijivu chenye madoa ya rangi ya chungwa. Hayo ni maeneo ambayo maji hupanda na kushuka. Yanaposhuka, hewa huingia kupitia nyufa na mashimo ya mizizi, na chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu tena papo hapo. Chukua bonge, livunje taratibu, utazame mizizi. Kutu iliyozunguka mzizi ulio hai ni ushahidi wa hali ya sasa. Kutu iliyotawanyika bila kuhusiana na mizizi inaweza kuwa ya zamani, kutoka enzi ambazo bonde lilikuwa bado halijachimbiwa mifereji. Udongo hausahau haraka, na hilo ni jambo la kukumbuka pale utakapoambiwa kwamba eneo "lilikuwa" kinamasi.

Nusa. Harufu ya yai viza inatokana na gesi inayotengenezwa pale oksijeni ilipoisha kabisa. Kwenye mikoko ni kawaida. Ukiikuta bara, ndani ya shimo fupi, huhitaji ushahidi mwingi zaidi.

Tahadhari moja kuhusu rangi nyeusi. Udongo mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule wa Shinyanga na Simiyu unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, ni mweusi kwa asili yake ya mfinyanzi. Sehemu zake nyingi hutuama maji masika, ila si zote, kwa hiyo weusi peke yake hautoshi. Tafuta kijivu na kutu chini ya huo weusi. Kuna weusi mwingine, ule wa mabaki ya mimea yasiyooza kwa kukosa hewa: mwepesi mkononi, ukiukamua unatoa maji ya rangi ya chai, na nyuzi za mimea bado zinaonekana. Huo ni mboji ya kinamasi, kama ile ya Rugezi kaskazini mwa Rwanda, na ukikauka unaweza kushika moto ukaungua chini kwa chini kwa muda mrefu.

Acha shimo wazi kwa saa moja hivi huku ukiendelea na mimea. Ukirudi ukakuta maji yamejikusanya, pima kwa rula kina chake kutoka juu. Kisha fukia. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe.

Hatua ya 3: Shika bua

Mimea ya majini ni mingi na hakuna anayeijua yote. Anza na vidole. Kata bua la mmea unaofanana na nyasi, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa na pembe tatu na ndani limejaa sponji bila vifundo, hiyo si nyasi, ni jamaa ya ndago na mafunjo. Likiwa la mviringo, lenye vifundo na uwazi ndani, ni nyasi au tete.

Lakini ndago yenyewe, ile inayowasumbua wakulima, humea hata kwenye shamba kavu la mahindi. Kwa hiyo usihukumu kwa mmea mmoja. Tandaza macho kwenye eneo la hatua kumi kwa kumi, ujiulize ni mimea ipi iliyotawala. Zaidi ya nusu ikiwa ya kupenda maji, andika.

Mafunjo ndiyo rahisi kuyatambua: bua la pembe tatu lisilo na majani, refu kumpita mtu mzima, juu lina kishada cha nyuzi za kijani kilichotawanyika pande zote. Mafunjo hayapendi kukauka, hivyo yanakueleza kwamba maji yapo karibu mwaka mzima, na kwamba ni maji baridi. Ukingoni mwa ziwa mizizi yake husukana ikawa zulia linaloelea. Usilipande. Linaonekana kama ardhi na chini yake kuna mita kadhaa za maji.

Matete ni mavumilivu zaidi. Mizizi yake hushuka chini sana, kwa hiyo yanaweza kusimama mahali ambapo juu pamekauka kabisa. Yungiyungi, lenye majani duara yanayolala juu ya maji, likibaki kwenye tope lililokauka huacha mashina yake mazito ardhini; chimbua kidogo utayakuta.

Miti nayo inasema. Mkindu, ambao makuti yake ndiyo ukindu wa kusukia mikeka, na mkuyu, hupenda mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Vivyo hivyo mgunga wenye gome la manjano, unaouona kandokando ya Naivasha na Nakuru na ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliuogopa mti huo wakidhani unaleta homa. Walikuwa wamelala karibu na mbu. Ila miti ya namna hii ishike kama ushahidi wa pembeni. Mizizi yake inaweza kufuata maji yaliyo chini kuliko yanavyokuhusu wewe.

Gugumaji linahitaji neno lake. Lina ua la zambarau la kuvutia na vikonyo vya majani vilivyovimba kwa hewa, na asili yake ni Amerika Kusini. Ziwa Victoria lilivamiwa nalo mwishoni mwa miaka ya 1980, na Ghuba ya Winam upande wa Kisumu bado hufunikwa nalo mara kwa mara. Ukiliona limestawi sana, andika kwamba pana maji na pana uchafu wenye rutuba unaoingia: maji taka, au mbolea za mashambani. Usiandike kwamba ardhioevu hiyo ina afya.

Hatua ya 4: Pwani, anza na mizizi ya mikoko

Pwani mambo yanabadilika. Huhitaji shimo ili ujue kwamba mikokoni ni ardhioevu. Swali ni mti gani umesimama mbele yako, kwa sababu kila aina inaeleza maji ya bahari yanafika mara ngapi. Nenda wakati wa maji kupwa, na bora siku za bamvua, za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maana ndipo bahari inapojaa juu zaidi na kujitenga mbali zaidi. Hakikisha unajua saa ya maji kujaa. Wageni wengi wanaokwama kwenye tope walikuwa wanatazama ndege.

Mlilana husimama mbele kabisa, karibu na bahari. Mizizi yake ya hewa hutoka kwenye tope kama pembe nene zilizochongoka, na majani yake ni ya mviringo. Mkoko wenyewe, uliowapa jina wenzake wote, unasimama kwa miguu mingi iliyopinda kutoka shinani, na tunda lake huanza kuchipua likiwa bado mtini: unaona kijiti kirefu cha kijani kikining'inia, kikianguka kinajichomeka kwenye tope. Jani la mkoko lina ncha ndogo iliyochongoka. Mkandaa una kijiti kama hicho, chembamba na chenye mifuo kwa urefu wake. Msinzi, ambao wengine huuita muia, una mizizi inayojikunja juu ya tope mfano wa magoti, na ua lake hukaa ndani ya kikombe chekundu.

Mchu una mizizi ya hewa myembamba kama penseli, mamia yake kuzunguka mti mmoja, na jani lake kwa chini ni jeupe lenye ukijivu. Lilambe: lina chumvi, kwa sababu mti huu hutoa chumvi ya ziada kupitia majani. Mchu ni msumbufu kwa anayejifunza kwani huota mbele baharini na pia nyuma kabisa, kwenye majangwa ya chumvi ambayo bahari huyafikia wakati wa bamvua tu. Mkomafi una tunda kubwa la duara, na mizizi inayotambaa juu ya tope ikiwa imesimama kama ukuta mfupi. Msikundazi ndio unaokaribia bara, mahali maji baridi yanapochanganyika. Geuza jani lake utaona rangi ya fedha.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni delta ya Rufiji, Ghuba ya Chwaka Unguja, na Gazi kusini mwa Mombasa, ambako tangu 2013 wanakijiji hulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko yao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Wajenzi wa zamani wa boriti na mafundi wa majahazi wanaitofautisha mikoko kwa gome na uzito wa mti, na ukibahatika kutembea na mmoja wao, weka daftari mfukoni usikilize.

Hatua ya 5: Wanyama, kwa uangalifu

Wanyama wana miguu na mabawa, kwa hiyo ushahidi wao ni dhaifu kuliko wa udongo. Yangeyange anayefuata ng'ombe anafuata panzi, si maji. Tafuta anayezaa hapo, au ambaye mwili wake umeumbwa kwa ajili ya hapo.

Nzohe ni mfano mzuri: swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kinamasini, anayeweza kujificha majini akibakiza pua tu. Alama ya kwato hizo huwezi kuichanganya na ya mbuzi. Korongo nyangumi, mwenye mdomo mnene usio na mfano, huvizia samaki kwenye vinamasi vya Mabamba nchini Uganda na vya Malagarasi. Bonde la Malagarasi-Muyovozi ndilo lililokuwa la kwanza nchini Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Kwenye bonde la Kilombero kuna sheshe, swala wa tambarare za mafuriko, ambaye idadi yake imeshuka sana kadiri mashamba na mifugo ilivyoongezeka. Natron ina heroe wadogo, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu (flamingo), na ndiyo mahali pao pakuu pa kutagia Afrika Mashariki yote.

Kiangazi, mtafute kamongo. Samaki huyu hupumua hewa, na maji yakipungua hujichimbia kwenye tope, akajifunika ute unaokauka, akalala humo hadi mvua irudi. Watu wa kingo za ziwa wanajua tundu lake na humchimba kwa jembe. Samaki kufukuliwa ardhini ni ushahidi ambao hata dalali hana jibu lake.

Usidharau eneo dogo. Kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, kulikuwa na vipande vidogo vya ardhioevu vilivyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko tu. Humo aliishi chura mdogo wa njano asiyepatikana kwingine duniani. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua, na ingawa vilifungwa vinyunyizio vya maji, chura huyo alitoweka porini. Mwaka 2009 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka katika mazingira ya asili. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na kutoka huko kizazi chake kilirudishwa Kihansi mwaka 2012.

Pwani, tazama chini: kaa dume mwenye gando moja kubwa analolipunga, na samaki mdogo mwenye macho ya juu anayerukaruka kwenye tope. Kati ya Oktoba na Aprili utaona pia makundi ya ndege wa ufukweni kutoka Ulaya na Asia.

Hatua ya 6: Tafuta mpaka

Ardhioevu haina ukuta. Anzia katikati, mahali ambapo huna shaka kwamba ni ardhioevu, ukitembea kwa mstari ulionyooka kwenda juu. Kila baada ya hatua 20 chimba kishimo cha sentimita 30 na utazame mimea. Mahali ambapo kijivu na kutu vinatoweka kwenye udongo wa juu, na mimea ya maji inakuwa michache kuliko ya nchi kavu, weka alama ya mpaka kwenye simu. Rudia mistari mingine miwili au mitatu. Linganisha na picha za satelaiti za miaka ya nyuma, zinazopatikana bure kwenye Google Earth. Chagua zile za Aprili na Mei.

Ukiwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hiyo ni sheria ya ukingo. Bonde la mafuriko linaweza kuwa pana mara kumi zaidi, kwa hiyo kupima mita 60 kwa kamba na kujenga kwenye ya 61 kunaweza kukulinda na mkaguzi, si na mto. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, na mvua zilizofuata zililijaza bonde lilelile tena.

Fuata pia maji yanakotoka na yanakokwenda. Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu, hutoa maji kwenda mto Ruaha Mkuu pale tu kimo chake kinapopita kizingiti cha mwamba kilicho mlangoni. Maji yalipochepushwa juu huko kwa ajili ya umwagiliaji, kimo kikashuka chini ya kizingiti, na tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyo mbali na mashamba hayo.

Rudi masika ukapige picha kutoka sehemu zilezile. Kwenye kila picha ya shimo andika tarehe, kina cha maji, na kama mvua ilinyesha ndani ya wiki hiyo. Ukiipeleka kwa afisa mazingira wa halmashauri bila taarifa hiyo ya mvua, atakuambia, na atakuwa na haki, kwamba ulichopiga picha ni dimbwi la jana.